Sheria ya Kamari Ikikaza, Wakala Ndiye Hukatwa Kwanza

Vijana kadhaa wa hapa Mombasa wamekuwa wakinipigia simu kuniuliza kama bado kuna pesa kwenye kutangaza kasino za mtandaoni. Waliniona nikiifanya kazi hiyo kwa miaka saba, katika chumba cha kukodi Tudor, na intaneti nikiilipia kabla ya kodi ya nyumba. Nimeona niwajibu wote hapa.

Kwa asiyeijua kazi hii ya wakala: unaandika tathmini ya kasino au unarekodi video, unaweka linki yenye namba yako, na mchezaji akijisajili kupitia linki hiyo anahesabiwa kuwa wako. Kuna malipo ya mara moja kwa kila mteja anayeweka pesa kwa mara ya kwanza, na kuna asilimia ya mapato ambayo kasino inayapata kwa mteja huyo mwezi baada ya mwezi. Mapato hayo ni pesa alizopoteza, hayana maana nyingine. Mimi nilichagua asilimia. Niliiona kama mnazi, ukishaupanda unaangua kila msimu.

Nilianza nikiandikia wasomaji wa Ulaya, na huko ndiko nilikoonja sheria inapokaza. Tarehe 1 Januari 2019 Uswidi ilianza mfumo mpya wa leseni, na kampuni ikaruhusiwa kumpa mchezaji bonasi mara moja tu, anapocheza kwa mara ya kwanza. Kurasa zangu zote zilikuwa za kulinganisha bonasi. Italia nayo, kwa agizo la 2018, ilikuwa imepiga marufuku karibu matangazo yote ya kamari. Uingereza haikuwafukuza mawakala, ila mdhibiti wake anamshika mwenye leseni kwa makosa ya wakala wake. Mwaka 2017 kampuni ya kamari ya huko, Sky Bet, iliufunga mpango wake wote wa mawakala. Hapo nilielewa jambo ambalo wengi hawalioni: kampuni ina leseni ya kulinda, na sentensi yako moja ya uongo ikiweza kuiponza, ni rahisi kwake kukukata kuliko kukuchunga.

Nikarudi soko la nyumbani, nikidhani huku kuna nafuu. Nilipaswa kujifunza kwa yaliyotokea 2019, kampuni za kamari SportPesa na Betin zilipositisha shughuli Kenya baada ya leseni kutofanywa upya. Sikujifunza. Kindege cha Aviator, ule mchezo wa kamari wa mtandaoni, kilipovuma nami nikavuma nacho.

Jioni ya tarehe 29 Aprili 2025 ikaja amri ya Bodi ya Kudhibiti Kamari: matangazo yote yasimame siku 30. Redio, televisheni, mabango, mitandao ya kijamii, yote. Mwisho wa Mei zikatoka kanuni mpya zinazokataza watu mashuhuri na wanaotengeneza maudhui kutumika kunadi kamari. Agosti 7 Rais akatia saini Sheria ya Udhibiti wa Kamari, inayochukua nafasi ya ile ya 1966 na kuunda mamlaka mpya. Kampuni moja niliyokuwa nikiifanyia kazi ilinitumia barua pepe ya mistari mitatu, ikazuia kamisheni yangu ya miezi miwili na kunitajia kifungu cha mkataba. Nilikisoma kifungu kile siku hiyo kwa mara ya kwanza. Kilikuwemo tangu mwanzo.

Kwa hiyo ukiletewa mkataba leo, usome ukurasa unaozungumzia kufungwa kwa akaunti kabla ya ule wa asilimia. Uliza: kampuni ikiondoka nchini, wachezaji niliowaleta wanabaki wangu au wanapotea? Mwezi ambao wachezaji wameshinda na hesabu yangu ikawa hasi, deni hilo linahamia mwezi ujao? Na asilimia inahesabiwa baada ya kukata nini? Ushuru wa bidhaa ulikuwa 15% ya dau. Tangu Julai 2025 ni 5% ya pesa zinazowekwa kwenye akaunti ya mchezaji, na baadhi ya mikataba hukata kodi kabla ya kukuhesabia chako.

Kadiri kampuni zenye leseni zinavyorudi nyuma, utafuatwa na kasino zisizo na leseni ya Kenya, nazo zitakuahidi kamisheni nono. Kataa. Zikikudhulumu hutakuwa na pa kuzishtaki kutoka Mombasa, na mchezaji wako akinyimwa ushindi wake atakayesakwa ni wewe, kwa kuwa wewe ndiye anayekujua.

Hilo la kujulikana ndilo lililonitoa, kuliko kanuni zote. Kila asubuhi hununua mahamri kwa mama mmoja karibu na kwangu, na mwanawe ni bodaboda. Siku moja alinifungia mahamri yangu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: “Mwanangu, ile kazi yako ya kompyuta ndiyo hii inayokula pesa za pikipiki ya mwenzio?” Usiku ule nilifungua ripoti yangu. Mle ndani wachezaji huonekana kwa namba, hawana majina. Sikuweza kujua namba ya kijana yule ni ipi, lakini nilijua yumo, na kwamba nimelipwa kwa alichopoteza. Siwezi kuwashauri mwingie kwenye malipo ya asilimia. Sikuona ubaya wake nilipokuwa nikiwaandikia watu wa mbali, na hilo linaniuma.

Ujuzi wenyewe haujapotea. Kujua watu wanatafuta nini Google na kuandika ukurasa wa kuwajibu ni kazi halali. Sasa nawafanyia wenye nyumba za wageni Nyali na Diani. Malipo ni madogo na yanakuja.

Mlio na linki za zamani, video ya 2023 inayoonekana leo ni tangazo la leo. Pitieni TikTok, Facebook, vikundi vya Telegram, hadi maelezo yaliyo chini ya video. Lakini kabla ya kufuta, pakueni ripoti zote za kamisheni na mpige picha ya salio, kisha mlidai kwa barua pepe. Akaunti yangu ilifungwa kabla sijafanya hivyo, na sina karatasi hata moja ya kuonyesha wakili.