Picha kwenye TV haikai sawa? Maswali yenu kuhusu rezolusheni

Maswali yamejaa, na karibu yote ni ya watu waliochomeka kompyuta kwenye TV sebuleni alafu picha ikagoma kutulia. Rezolusheni ni idadi ya nukta (pikseli) zinazojenga picha, kwa upana na kwa urefu. Twende moja moja.

Nimechomeka HDMI, nimeweka 1920x1080, lakini kingo za picha zimekatwa, hata ile mistari ya chini ya skrini siioni. Nishushe rezolusheni?

Hapana ndugu yangu, rezolusheni usiiguse, hapo iko sahihi kabisa. Kinachokata ni TV yenyewe, inaivuta picha iwe kubwa kidogo alafu kingo zinabaki nje, ni tabia ya toka enzi za TV za chogo ambazo pembeni zilikuwa hazionyeshi vizuri, na mpaka leo flati skrini nyingi zinakuja zimewashiwa hiyo kitu wakati hazina shida nayo hata kidogo. Shika rimoti, ingia menyu ya picha, tafuta ukubwa wa picha, kwenye LG utakuta "Just Scan", kwenye Samsung "Screen Fit", zingine ukiibadilisha ile HDMI jina uiite PC basi zinaacha zenyewe. Naomba sana usikimbilie kwenye programu ya kadi ya picha kuvuta ile slaida ya kupunguza, watu wengi wanafanya hivyo, na picha inaingia kweli, ila unakuwa umeipunguza kwenye kompyuta alafu TV inaikuza tena, maandishi yote yanapata ukungu. Hiyo iwe njia ya mwisho kabisa, TV ikiwa haina setingi hiyo.

TV yangu imeandikwa HD Ready, niweke 720 au 1080?

TV nyingi za aina hiyo zina pikseli 1366 kwa 768, kwa hiyo hata moja kati ya hizo hailingani nayo. Ukiona 1366x768 au 1360x768 kwenye orodha chukua hiyo. Isipokuwepo jaribu zote mbili, baki na ile inayosomeka vizuri.

Nina TV ya 4K, nimeweka 3840x2160 lakini mausi inaburuzika kama imechoka. Kompyuta ni mbovu?

Sio mbovu. Angalia herzi, yaani skrini inabadilisha picha mara ngapi kwa sekunde, nina uhakika karibu wote iko 30. HDMI ya toleo la 1.4 inabeba 4K mwisho herzi 30, ukitaka 60 lazima iwe 2.0 au zaidi, na hapo kadi, waya na tundu la TV vyote viwe vinaweza, kimoja kikishindwa ndo basi. Alafu kuna TV ambazo tundu moja tu ndo lina uwezo huo, na bado mpaka ukaiwashe kwenye menyu. Kama kompyuta ni ya zamani mi ningerudi 1080 kwa herzi 60 bila kusita, 4K ni mara mbili kamili ya 1080 kwa upana na kwa urefu kwa hiyo TV inaikuza vizuri tu, na ulaini wa mwendo unauona kila dakika.

Mashine ina nguvu, ila kwenye muvi kamera ikizunguka taratibu picha inashtukashtuka. Kwa nini?

Swali zuri sana hili, na ndo setingi ambayo watu wengi hawajawahi kuigusa. Muvi nyingi zina fremu 24 kwa sekunde, skrini yako iko herzi 60, sasa gawanya 60 kwa 24 unapata mbili na nusu, na fremu haiwezi kuonyeshwa mara mbili na nusu, kwa hiyo moja inakaa mara mbili inayofuata mara tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho, jicho linauona huo mkwaruzo. Kama unatumia Kodi, ile programu ya kuchezea muvi, ingia setingi za pleya, upande wa video, washa ile ya kubadili herzi za skrini zifuate muvi. Ukibonyeza pleyi skrini itakuwa nyeusi kwa muda mfupi, ndo inabadilisha, usishtuke.

Nimebadili rezolusheni skrini ikawa nyeusi kabisa!

Kama ni Windows, usibonyeze kitu, baada ya sekunde 15 inarudi yenyewe. Kama ulishakubali mabadiliko, chomeka skrini nyingine urekebishe kutokea huko.

Kwenye 4K maandishi ni madogo mno, nikikaa kwenye kochi sioni.

Rezolusheni iache hapo hapo, ongeza skeli, ile setingi ya kompyuta ya kukuza maandishi na vitu kwenye skrini, weka asilimia 200 au hata 300.