Kuingiza udhibiti wa taa kwenye modeli ya nishati ya jengo

Ndugu yetu anayeandaa modeli ya nishati, yaani mfano wa kompyuta unaokadiria nishati ambayo jengo litatumia, ameuliza kama vihisi vya watu (vinavyozima taa chumba kikiwa kitupu) na vihisi vya mwanga wa mchana vyote viwakilishwe kwa kupunguza ratiba ya taa, yaani sehemu ya taa inayohesabiwa kuwaka kila saa, au programu ya modeli iachiwe ikokotoe yenyewe. Kwa uzoefu wangu wa kuandaa modeli za majengo ya ofisi na kukagua za wenzangu, jibu linategemea kinachoziamuru taa: zikifuata watu, ratiba inatosha, zikifuata jua, ratiba peke yake haitoshi.

Kwa vihisi vya watu sina mengi. Punguza ratiba kwa kiasi kinachofaa, na kama kazi ni ya kuonyesha kwamba jengo linatimiza ASHRAE 90.1, kiwango cha Marekani cha matumizi ya nishati katika majengo, tumia viwango vya punguzo vilivyomo katika Kiambatisho G cha kiwango hicho. Jihadhari tu usihesabu mara mbili, kwani ratiba iliyotokana na vipimo vya jengo lenye vihisi tayari imebeba punguzo hilo.

Mwanga wa mchana ndio unaohitaji uangalifu mkubwa, maana hubadilika kwa saa, kwa wingu na kwa upande dirisha lilikoelekea, na hakuna asilimia moja inayoweza kusimama badala ya hayo yote. Katika EnergyPlus, programu ya kukokotoa nishati ya majengo, unaweka pointi ya kupimia mwanga, kwa kawaida kwenye kimo cha meza, yaani takriban mita 0.8, kisha unataja laksi (kipimo cha mwanga unaoangukia meza) zinazohitajika, tuseme 500, pamoja na sehemu ya zoni, yaani eneo la jengo ambalo modeli hulihesabu kama chumba kimoja, inayotawaliwa na pointi hiyo. Hiyo sehemu ya zoni ndiyo ninayoona ikipuuzwa kuliko kitu kingine chochote. Mtu huchukua ukumbi wenye kina cha mita 12, akaweka pointi moja karibu na dirisha, akaiachia itawale taa zote, na matokeo yake taa za ndani kabisa, ambako mwanga wa nje haufiki, zinapungua sawasawa na zile za dirishani. Mimi huutenga ukanda wa dirishani kuwa zoni yake.

Angalia pia thamani ambazo programu huzijaza yenyewe: taa ikishuka hadi 0.2 ya mwanga wake, inabaki ikitumia 0.3 ya umeme wake. Hizo zinafaa kwa taa za fluoresenti kuliko LED, ambazo nyingi hushuka chini zaidi. Chagua vilevile kama taa itazimika kabisa mwanga ukitosha au itabaki kwenye kiwango hicho cha chini, kwani tofauti huonekana wazi katika jengo lenye vioo vingi.

Mapazia yanayovutwa kwa mkono nayo yasisahaulike. Watu huyafunga jua likiwaumiza macho, na mara nyingi hawayafungui jua likishapita. Modeli isiyo na pazia inaahidi akiba ambayo jengo halitaitoa. Kwa vyumba virefu, njia ya kawaida ya EnergyPlus huutandaza mwanga uliorudishwa na kuta sawasawa chumbani kote, hivyo kule nyuma huonekana kung'aa kuliko uhalisia. Hapo ni heri kukokotoa kwa Radiance, programu inayofuatilia miale ya mwanga, kisha kurudisha matokeo ya kila saa kwenye modeli kama ratiba.

Akiba hii haifai kukokotolewa pembeni na kujumlishwa mwishoni, kwa sababu umeme wa taa hugeuka joto ndani ya jengo. Kiyoyozi kinachoondoa uniti 3 za joto kwa kila uniti 1 ya umeme kitaokoa karibu kWh 1 kwa kila kWh 3 za taa zilizopungua wakati wa kupoza jengo, ilhali wakati wa baridi mfumo wa kupasha joto utalazimika kufidia.

Kabla ya kutoa ripoti, chora umeme wa taa wa kila saa kwa siku moja ya jua kali na siku moja ya mawingu mazito. Mistari miwili ikilingana, kidhibiti hakifanyi kazi; na taa zikianza kupungua kabla ya jua kuchomoza, kagua saa za eneo kwenye faili ya hali ya hewa.