Furaha kupungua sio imani kufa, nakujibu kwa niliyopitia

Pole sana mdogo wangu. Umesema kazi imeisha, mama anaumwa, unaomba kila siku ila ile furaha ya mwanzo ulipookoka huioni tena na unaogopa imani imekufa. Mi sio mchungaji, ni mjane tu nauza dagaa hapa Mwanza.

Mume wangu alifariki 2019, masika imeshika, na mtaji wetu karibu wote ulikuwa kwenye dagaa wameanikwa. Wa soko la Mwaloni wanajua, dagaa mbichi anataka jua la kutosha, mvua ikimpiga kabla hajakauka ananuka, vichwa vinakatika, ile rangi ya kung'aa inapotea, hapo mteja wa mboga hakuangalii tena, unawapa watu wa chakula cha kuku kwa bei ya hasara. Ndo kilichonikuta wiki ileile ya msiba. Afu mtu akaniambia nisilie sana, eti Mkristo halii. Jamani Paulo kwenye 1 Wathesalonike 4:13 hajakataza kulia, amesema tusihuzunike kama wasio na matumaini, na Yesu mwenyewe alilia kwa ajili ya Lazaro wakati anajua kabisa anaenda kumfufua!

Kilichonishika ni Habakuki 3:17-18. Anataja hasara zote bila kuficha, mtini hauna maua, shamba halitoi chakula, zizini hamna ng'ombe (Msukuma akifika hapo kwenye zizi tupu anaelewa huo msiba ukoje), ndo anasema atamfurahia Bwana. Na sura ya kwanza alishamlalamikia Mungu, hata lini nalia husikii. Kwa hiyo mwambie Mungu ukweli wako wote, hilo nalo ni ombi.

Mi kuna kipindi nilishindwa kuomba kabisa, nasoma zaburi moja nalala, na niliona inatosha kwa kipindi kile. Wavuvi wa dagaa wanategemea usiku wa giza ili taa zivute dagaa, mbalamwezi ikiwa kali wengi wanabaki nchi kavu wanashona nyavu, na hakuna anayesema ziwa limekufa.

Furaha yenyewe ilirudi kupitia watu. Wamama wa jumuiya walikuja na unga, hawakuhubiri, alfajiri wakakaa na mimi chini tunachambua dagaa, kutoa mchanga na visamaki vingine, wakaanza wimbo wa Kisukuma taratibu na mi nikajikuta naitikia huku machozi yanatoka. Huzuni ilikuwepo, furaha ikawepo, vyote siku hiyohiyo. Biashara imerudi kidogokidogo, haijafika ilipokuwa, ila namshukuru Mungu kwa moyo wote na sisemi kwa mdomo tu. Hata Paulo aliyeandika Wafilipi akiwa kifungoni anasema kuwa radhi na hali yake alijifunza, 4:11, kwa hiyo usijipige kwamba umechelewa.

Sasa usikae na hili peke yako, waambie wa kanisani kwako mambo yalivyo, kodi, dawa za mama, kila kitu, wengi wako tayari kusaidia ila hawajui. Na ukiona hulali wala huli nenda hospitali uongee na daktari, huko sio kukosa imani. Mama anasumbuliwa na nini hasa? Tuambie hapa, Alhamisi jumuiya yetu inakutana, tutamuombea.