Barua ya torenti kutoka kampuni ya intaneti: wanaona nini hasa?

Mkuu, nimekuelewa: faiba ya hapo Sinza iko kwa jina lako, wapangaji wote wanatumia waifai moja, na sasa kampuni imekuandikia kwamba kuna filamu imepakuliwa kwa torenti (njia ya watu kugawiana mafaili moja kwa moja). Unahofu wanasoma hadi meseji zako.

Hapana. Kwenye torenti, anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti) ya kila anayepakua inaonekana kwa wenzake wote. Wakala wa mwenye filamu huingia humohumo, ananakili IP, namba ya poti (mlango wa muunganisho kwenye IP hiyo) na saa, kisha anapeleka malalamiko. Kampuni inalinganisha na kumbukumbu zake, basi. Kwenye tovuti za HTTPS (zinazosimba mawasiliano) huona jina la tovuti na kiasi cha data, si ulichoandika.

Angalia saa kwanza. Malalamiko mengi huandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. 20:14 ni saa 5:14 usiku hapa Dar. Wateja wengi pia hugawana IP moja ya nje, hivyo bila poti na saa kamili anaweza kunaswa asiyehusika. Omba vyote viwili kwa maandishi.

Leo hii badili nywila ya waifai na ya ruta yenyewe (wengi huacha ile ya kiwandani!), zima WPS (njia ya kuunganisha bila kuandika nywila), wapangaji wawekee mtandao wa wageni. Na waambie: torenti huendelea kusambaza faili hata baada ya kumaliza kupakua, mpaka uisimamishe.

VPN (huduma ya kuficha IP yako) usikimbilie, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza Oktoba 2023 zisajiliwe.

Kampuni ikitoa taarifa zako bila msingi wa kisheria, lalamika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa sheria ya 2022. Ukiitwa polisi, tafuta wakili kabla ya kuandikisha maelezo: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa hakimiliki.