Paulo na Yakobo: je, wanapingana?

Ndugu yangu, unasema Warumi 3:28 inafundisha kuwa mtu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria, Yakobo 2:24 inasema ni kwa matendo wala si kwa imani peke yake, na sasa moyo wako unayumba. Si wewe wa kwanza. Mwaka 1522 Martin Luther, mwanamageuzi wa Kanisa wa Ujerumani, aliuita waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu, akiona unampinga Paulo.

Mimi sikubaliani naye. Soma sura nzima uone kila mmoja anamjibu nani. Paulo anapinga wazo kwamba tohara na torati ndizo zinazompa mtu kibali mbele za Mungu. Yakobo anamkemea anayemwambia mwenye njaa aende kwa amani akashibe, huku hampi kitu. Wote wawili wananukuu Mwanzo 15:6 kuhusu Abrahamu! Paulo anasisitiza kwamba wakati huo Abrahamu alikuwa hajatahiriwa. Yakobo anaendelea hadi Mwanzo 22, Isaka akiwa juu ya madhabahu. Kisha soma Wagalatia 5:6, Paulo mwenyewe anataka imani itendayo kazi kwa upendo.

Umeuliza pia kuhusu kifo cha Yuda aliyemsaliti Yesu: Mathayo 27:5 inasema alijinyonga, Matendo 1:18 inasema alianguka akapasuka. Wapo wanaosema alijinyonga kisha akaanguka. Huenda, ila hakuna mstari unaosema hivyo, kwa hiyo usijilazimishe kukubali. Anza na Warumi 4 na Yakobo 2, ukizisoma kwa pamoja.