Kikapu cha kitenge cha mayai ya Pasaka kimelegea baada ya kufuliwa

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Bremen, Ujerumani, na wanangu wawili. Huku Jumapili ya Pasaka asubuhi watoto hutafuta mayai yaliyofichwa bustanini, na kila mtoto huwa na kikapu chake. Mwaka jana niliwashonea vikapu vya kitenge, tabaka mbili, nje na bitana. Vilisimama vizuri kabisa. Chokoleti ikayeyukia ndani, nikavitia kwenye mashine ya kufulia, vikatoka vimelegea hata havisimami. Bitana inajikunja ndani na kukaa ovyo. Chini nilitia kipande cha boksi, kikalowa kwenye nyasi kikarojeka. Mwaka huu nataka kushona vingine vidumu. Cherehani yangu ni ya umeme, ya kawaida ya nyumbani. Mama wa Wawili.

JIBU: Salama, mama. Ushonaji wako hauna tatizo, ila ulichokitegemea ndicho kimekuangusha. Kitenge kipya kinatoka kiwandani kimetiwa wanga. Ndiyo maana kinakwaruza mkononi na ukikikunja kinashika mkunjo. Wanga ule ndio uliokuwa unasimamisha vikapu vyako, na wanga huondoka na maji. Kwa hiyo mara hii anza na kufua: kitenge na kitambaa cha bitana vyote vipite kwenye maji ya uvuguvugu, vikauke, vipigwe pasi, ndipo ukate. Kama kuna kurudi, kitambaa kirudi kabla hujakipima.

Ugumu wa kikapu utautafuta kwenye gamu, yaani kile kitambaa kigumu chenye gundi, cha kubandika kwa pasi. Dar ukimwambia muuzaji unataka gamu ngumu ya mikoba atakuelewa. Huko uliko maduka ya vitambaa huuza gamu za Vlieseline, nazo zina namba. S 320 ni ya wastani, S 520 ni ngumu zaidi. Kwa kikapu cha mtoto mimi ningechukua S 520, tena upande wa nje tu. Bitana iache bila gamu. Watu wengi hubandika pande zote mbili wakidhani wanaongeza nguvu, matokeo yake pembe zinakuwa nene hadi sindano inagoma.

Vipimo. Tushone kikapu chenye kitako cha sentimita 15 kwa 15 na kimo cha 12.5. Mayai sita ya kuku yatalala chini bila kubanana, na safu ya pili ikija juu yake utakuwa na dazeni, ambayo ni kama gramu 700. Mtoto wa miaka minne anabeba bila shida. Kata vipande viwili vya kitenge, kila kimoja upana 32 na kimo 22, na viwili vya bitana vya kipimo hichohicho. Kwenye kona mbili za chini za kila kipande chora mraba wa 7.5 kwa 7.5, uukate uutoe. Nafasi ya mshono ya sentimita 1 imo tayari kwenye hesabu hizi, usiongeze. Mikono ni vipande viwili vya 34 kwa 10. Kama kitenge chako kina upana wa kawaida, kipande cha sentimita 25 kwenda chini kinatosha nje na mikono yote miwili.

Usijaribiwe kukata nje kwa kipande kimoja kirefu ili uukwepe mshono wa kitako. Kitenge cha ndege au cha maua yenye vikonyo kitakutolea upande mmoja ndege wamesimama, upande wa pili wananing'inia kichwa chini.

Gamu ikate ndogo kuliko kitambaa: 30 kwa 20, na kona zake nazo utoe 7.5. Ukiiweka katikati ya kitenge, upande wa ndani, itabaki sentimita 1 ya kitambaa kitupu kuzunguka pande zote. Hapo ndipo mshono utapita. Sindano haitatoboa gamu kwenye maungio, na ukingo wa gamu utakuonyesha mstari wa kufuata bila hata kuchora. Unapobandika, tandaza kitambaa chenye unyevu juu, bonyeza pasi mahali pamoja, hesabu taratibu hadi kumi, inua, hamia pengine. Usiiburute; ikiburutwa gamu inasogea na kushika imepinda. Ukimaliza acha kipande kikae bapa karibu nusu saa kipoe. Ukikikunja kingali cha moto gundi inaachia, na hutaona leo. Utaona vipovu siku ya kufua.

Sasa kushona. Weka sindano namba 14 kwa mishono ya kawaida. Unganisha nje: mbavu mbili na kitako, uso kwa uso, mwanzo na mwisho wa kila mshono urudi nyuma kidogo. Panua mishono kwa pasi ilale kila mmoja upande wake. Kisha zile kona ulizokata: shika kona, ivute ifunguke hadi mshono wa ubavu ulale juu ya mshono wa kitako na ukingo uliokatwa uwe mstari mmoja ulionyooka. Piga pini mahali mishono inapokutana kabla ya pini nyingine yoyote, maana hapo ndipo kikapu kinapopatia au kinapopinda. Shona sentimita 1 kutoka ukingoni, rudia mara ya pili juu yake. Ukikigeuza, umbo la boksi limepatikana.

Bitana ina siri yake, na ndiyo inayojibu lalamiko lako la kujikunja. Bitana inakaa ndani ya kikapu, kwa hiyo inatakiwa iwe ndogo kuliko nje. Wewe ulizikata sawa ukazishona sawa, ile ziada ikakosa pa kwenda. Lakini usipunguze kwenye kukata, kwa sababu juu, kwenye mdomo, zinatakiwa zilingane. Punguza kwenye mshono: ubavu anza na sentimita 1 juu, kadiri unavyoshuka upanue taratibu hadi ufike 1.4 chini. Mshono wa kitako upige 1.3. Kona zishone kama za nje. Ukiitumbukiza itakaa imenyooka. Kwa kitambaa chenyewe, shuka la pamba lililochoka linafaa sana, ila liwe la rangi iliyoiva au la maua. Mayai yaliyopakwa rangi yakishikwa na umande huachia rangi, na kwenye bitana nyeupe madoa hayo hayatoki.

Kile kipande cha boksi cha kutia chini kisahau. Tafuta plastiki nyembamba inayokunjika, kwa mfano ile mikeka myepesi ya kukatia mboga, au mfuniko mpana wa ndoo ya aiskrimu. Kata 14.5 kwa 14.5 na uzungushe pembe zisiwe na ncha, maana ncha hutoboa kitambaa pole pole. Ilaze kwenye kitako cha nje kabla ya kutumbukiza bitana. Inavumilia maji ya uvuguvugu. Haivumilii pasi, hilo usilisahau.

Mikono: kunja kila kipande katikati kwa urefu, kifungue, kisha kunja kila ukingo uingie kwenye mstari huo wa kati, kunja tena. Unapata utepe wa sentimita 2.5 wenye tabaka nne. Shona pande zote mbili karibu na ukingo. Huu hauhitaji gamu.

Kuunganisha nje na bitana, najua wengi wanafundisha kuacha tundu kwenye bitana, kushona mdomo, halafu kukitoa kikapu chote kupitia tundu lile. Kwa kitambaa kitupu njia hiyo ni safi. Kwa gamu ngumu mimi siitaki. Unaikunjakunja gamu kuipenyeza kwenye tundu la sentimita 10, na mikunjo ile haitoki yote hata kwa pasi ya mvuke. Fanya hivi. Mdomo wa nje ukunje ndani sentimita 1, gamu yenyewe itakuonyesha pa kukunjia, upige pasi. Mdomo wa bitana ukunje kuelekea nje yake sentimita 1.2, ili ikae chini kidogo ya ukingo isichungulie. Tumbukiza bitana, oanisha mishono ya mbavu, chomeka ncha za mikono katikati ya tabaka hizo mbili, ziingie sentimita 2. Kila mkono uko upande wake, mbele na nyuma, ncha zake ziache sentimita 8 kati yao. Bana kwa vibanio vya nguo kama huna vile vya mafundi, pini hapa zinapinda.

Badilisha sindano, weka namba 16, na refusha hatua ya mshono hadi 3. Kwenye cherehani yako ya umeme chomoa kile kimeza kidogo cha mbele, mkono wa cherehani ubaki mtupu, kikapu ukivishe pale. Zungusha mshono milimita 3 kutoka ukingoni, kisha wa pili milimita 7 chini ya ule wa kwanza, ambao utazishika ncha za mikono vizuri. Ukifika kwenye mkono au kwenye mshono wa ubavu, acha kukanyaga, zungusha gurudumu kwa mkono. Mguu wa cherehani ukipanda unene ule huinamia nyuma na mishono inakuwa midogomidogo, hata uzi unakatika. Kunja kipande cha jinzi, kiweke chini ya mguu kwa nyuma ili ulale sawa, vuka, kitoe. Kwenye ncha za mikono rudi nyuma mara mbili.

Kikichafuka, kifue kwa mkono au kwa mzunguko wa taratibu, maji yasizidi nyuzi 30, usikitie kwenye mashine ya kukaushia. Kinyooshe pembe kikiwa kibichi, tia taulo ndani, kiache kikauke kimesimama.

Na gamu inunue mapema. Huko kwenu Ijumaa Kuu maduka hufungwa, na Jumatatu ya Pasaka vilevile. Ukiishiwa Ijumaa unabaki na Jumamosi tu, na ile nusu saa ya gamu kupoa ukishabandika inahesabika humohumo.