Bandeji ya Fedha, Rula ya Mtoto na Mguu wa Mamangu

Kwa wiki tano nilikuwa na hakika kwamba kidonda cha mamangu kinapona. Kilikuwa kisafi, hakinuki, na kila nikikifungua nilimwambia, "Mama, alhamdulillahi, kinakuja vizuri." Yeye mwenyewe hakioni, maana kiko chini ya wayo karibu na kidole gumba. Ana sukari miaka 19 sasa, miguu imekufa ganzi. Hata ule msumari uliomchoma hapa hapa Majengo hakuuhisi, alichokiona ni damu kwenye kandambili.

Bandeji niliyokuwa nikimfunga ni ya sponji yenye madini ya fedha. Fedha kwa maana zote mbili: kipande kimoja shilingi 1,800, na kufikia wiki ya tano nilishanunua vipande 14. Muuzaji alisema hiyo ndiyo ya kisasa, nami nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini.

Siku hiyo kliniki tukapokewa na sista mwingine, mtu mzima, mwenye maneno machache. Akafungua kadi, akaisoma, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kidonda hiki mara ya mwisho kilipimwa lini?" Nikadhani anauliza habari za sukari. Akanionyesha ukurasa wa kwanza: sentimita 4 × 3, kwa kalamu ya buluu. Kurasa zilizofuata hazikuwa na namba hata moja, ni "kisafi", "kinaendelea vizuri", "kimefungwa". Akachukua rula ya karatasi, akapima. 3.9 × 3. Milimita moja kwa shilingi 25,200.

Kwa hiyo wewe unayeuguza mtu mwenye kidonda sugu nyumbani, nakuomba upime. Macho yanayokiona kidonda kila siku huzoea. Mimi nafanya Jumamosi asubuhi, baada ya kuosha na kabla ya kufunga, mguu ukiwa umelazwa vilevile kila mara. Unatafuta urefu mkubwa kabisa, halafu upana mkubwa unaoukata ule urefu kwa pembe mraba, na kuandika namba zote mbili na tarehe. Ukizidisha utapata eneo. Kwa kidonda cha umbo la yai hesabu hiyo huzidisha ukweli kwa kama robo, lakini si neno, mradi njia ni ile ile kila wiki.

Kama kingo zimepindapinda, chora. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017, kwa hiyo mimi hutumia ile plastiki nyangavu ya kufunikia madaftari ya shule. Nakata vipande viwili, nafuta kwa spiriti na kuacha vikauke, naviweka kimoja juu ya kingine, nachora kwa kalamu ya wino mzito kwenye kile cha juu. Cha chini kilichogusa kidonda natupa. Cha juu naweka kwenye karatasi ya grafu, na mwanangu wa darasa la saba anahesabu miraba. Uliojaa nusu au zaidi anauhesabu mmoja. Kazi hii anaipenda kuliko hisabati ya mwalimu wake.

Sasa jambo lililonitoa jasho. Siku ile ile sista alikwangua sugu lililokuwa limezunguka kidonda na kuondoa nyama iliyokufa. Alipomaliza akapima tena: 4.5 × 3.4. Kimekuwa kikubwa! Nilitaka kulia. Akasema ukubwa huo ulikuwepo siku zote, umefunikwa tu, na kwamba namba ya kuanzia ni hii mpya. Ukianza kupima kabla ya kukwanguliwa, utakuja kuilaumu bandeji bure.

Kisha akauliza mama anatembeaje. Nikacheka, maana mama hatulii: jikoni, kwa jirani, dukani, kandambili mguuni. Uzito wote unashukia kidondani na yeye hana maumivu ya kumzuia. Tukapewa kiatu kinachoinua sehemu ile isiguse chini, na bandeji ya sponji ya kawaida, isiyo na fedha. Baada ya wiki nne: 3 × 2.2. Eneo limepungua zaidi ya nusu, na kwa kidonda cha mguu wa sukari nusu ndani ya wiki nne ndiyo dalili wanayoitafuta kwamba huenda kikafunga. Kisipofika hapo, mpango mzima huangaliwa upya, si bandeji peke yake.

Je, ni kiatu, ni kule kukwanguliwa, au ni bandeji? Siwezi kukwambia, tulibadilisha vyote kwa mpigo. Ndiyo maana watafiti hugawa watu kwa bahati nasibu, na hesabu yao kubwa ni wangapi wamepona kabisa, kwa kuwa kidonda kinaweza kupungua kisha kikagoma. Uingereza walifanya hivyo kwa watu 213 wenye vidonda vya mguu vinavyotokana na vena, ile mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, na matokeo yakatoka 2009: kwa wiki 12 walipona kama asilimia 60 waliofungwa bandeji za fedha, na 57 waliofungwa zisizo na fedha. Tofauti hiyo haikutosha kuonyesha kwamba fedha inasaidia. Vidonda vyao si kama cha mama, lakini laiti ningeyajua hayo kabla ya kipande cha kumi.

Sisemi bandeji zote ni sawa. Gozi kavu ilikuwa ikinata, ikitoka na nyama changa, na damu. Na joto la Mombasa lina yake: plasta inabanduka kwa jasho kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo pembeni ya kipimo naandika pia imekaa siku ngapi, imelowa kiasi gani, na wiki nzima imekula shilingi ngapi pamoja na tuktuk. Gozi ya bei rahisi inayobadilishwa mara mbili kwa siku iliniramba kuliko sponji ya siku tatu.

Wekundu ukitambaa, homa ikipanda, nyama ikigeuka nyeusi au harufu ikibadilika, acha rula, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Cha mama kilifunga wiki ya 13 tangu kile kiatu. Sista alikataa kuandika "kimepona" mpaka turudi baada ya wiki mbili akikute bado kimefunga. Tukarudi, akaandika. Kiatu mama anakilalamikia hadi leo, anasema kinamfanya atembee kama bata.